Upande wa Pili wa Santuri ya Everald

Nyumba Na. 14, Tamarind Lane,
Waterhouse, Kingston 11,
Jamaika.
Jumapili, 9 Machi 2025

Kwa mdogo wangu mpendwa Ransford,

Hujambo, mwana wa mama? Wifi yangu Verona na watoto hawajambo? Na hiyo baridi ya Toronto, imekuachia goti au bado inalitafuna? Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Presha yangu imetulia. Mshelisheli wa uani umezaa mpaka majirani wananikimbia wakiniona na kikapu. Kaka yako Everald bado anasukuma mkokoteni wake wa madafu, na miaka sitini na saba hiyo.

Najua nikimtaja Everald unakunja uso. Vumilia, maana barua hii ni yake, na wewe umo ndani kuliko unavyodhani.

Unaikumbuka hadithi yake. Kwamba mwaka 1977, akiwa kijana wa miaka kumi na tisa, aliimba rege kwenye ile studio ya uani kwa mzee Cleophas, na katikati ya wimbo Mama akaja kumpigia kelele dirishani kwa ajili ya samaki. Miaka arobaini na minane anaisimulia hivyo hivyo, haongezi chumvi wala hapunguzi. Ushahidi ndio hana. Santuri zilitoka chache, Cleophas akazichukua zote kwa mitambo yake ya kupigia dansi, akazikwangua lebo kwa kisu ili wapinzani wasijue ni wimbo gani wakautafute. Utepe wenyewe akarekodia wimbo wa mtu mwingine juu yake, kama walivyofanya wote siku zile. Kijiweni kwenye domino wanamwita Mwimbaji Hewa.

Na wewe, nisikufiche, ndiye uliyemuumiza kuliko wote. Kwenye matanga ya Mama mwaka 1993 alipoomba kuuimba wimbo wake, ulimwambia mbele za watu, "Kaa chini, muongo wewe. Mama hajawahi kukanyaga studio." Tangu hapo hamsemezani, na mimi nimekuwa posta yenu.

Sasa sikia. Jana asubuhi nimekaa barazani namenya mbaazi, akaja Wilbert wa kwenye domino na msichana mmoja, Tamoya, kabeba gramafoni ndogo kwapani. Kazi yake na wenzake ni kutafuta santuri za rege za zamani zilizopotea, kuzisafisha sauti na kuzitoa upya. Ndani ya sanduku la marehemu Cleophas wamekuta moja, lebo imekwanguliwa nyeupe pe.

"Shikamoo, mama," akasema. "Namtafuta mzee Ransford, yule mwimbaji. Jumatano lebo zinakwenda kuchapwa na jina lake."

Nilicheka mpaka mbaazi zikamwagika. "Ransford wangu? Huyo kwaya ya kanisa walimwomba ashike vitabu tu, asifungue mdomo."

Akaniambia jina linasikika waziwazi upande wa pili, ule wa dabu, ambako fundi huondoa uimbaji akaacha ngoma na besi, halafu akarusha vipande vya sauti kwa mwangwi. Wazee wawili walishajitokeza kudai wimbo ni wao, ila walipoulizwa Ransford ni nani, wakabaki kukohoa.

Everald alikuwa getini na mkokoteni wake, amesikia yote. Uso ulimshuka, mdogo wangu, nikamhurumia. Wimbo wake umerudi baada ya umri wote huu, na umerudi kwa jina la yule aliyemwita muongo.

"Wimbo ule ni wangu," akasema taratibu.

"Haya, kumekucha," Wilbert akadakia. "Mwimbaji Hewa kaanza."

Tamoya, mtoto ana adabu zake, akamwomba aimbe ubeti mmoja tu. Everald akakataa katakata. "Meno yamebaki manne, binti. Nikiimba leo utasema ni mbuzi. We piga huo upande wa pili. Ngoma zikibaki peke yake utamsikia mama yetu ananigombeza kwa samaki."

Msichana akaigeuza santuri. Besi ikaingia, bakuli langu la mbaazi likatetema. Halafu ngoma zikabaki peke yake, na sauti ya mwanamke ikatokea kwa mbali, imechanganyika na mikwaruzo. Tamoya na Wilbert walisikia neno la mwisho tu, jina lako. Mimi nilisikia kila neno, maana sauti ile ndiyo iliyonilea:

"Everald! Njoo ule, samaki wako anamalizwa na Ransford!"

Nililia, Ransford. Miaka thelathini na miwili sijaisikia sauti ile, na hatuna hata kanda moja yake. Wilbert akavua kofia. Everald, mzee mzima, akaitika kama alivyokuwa akiitika zamani, "Nakuja, Mama," kisha akaketi kwenye ngazi akacheka huku machozi yanamtoka.

Tuliipiga tena mara sita. Nilipowatamkia maneno, wote wakayasikia. Wilbert akamshika kaka yako mkono akamwomba radhi kwa ile "hewa" ya miaka yote, ingawa baada ya dakika kumi alikuwa anawaambia wapita njia kwamba yeye alijua tangu zamani. Madafu yalinywewa bure mpaka likaisha la mwisho. Nikakaanga samaki, nikachoma mashelisheli, na hata jirani yetu Miss Ivorine na mkongojo wake alicheza.

Tamoya akatoa kalamu, akalikata jina lako, akauliza aandike nini. Everald akawaza kidogo. "Andika Everald Pusey. Chini yake andika, pamoja na mama yake, Amybel Pusey." Ndivyo itakavyochapwa Jumatano.

Tamoya alituachia nakala mbili za majaribio. Moja haimtoki Everald mkononi. Ya pili nilidhani atampa Wilbert, kumbe ameifunga mwenyewe kwa magazeti matatu. "Mpelekee yule mla samaki," akaniambia. "Mwambie sitaki radhi yake. Nataka tu kujua kama aliniachia hata kichwa." Ndiyo hiyo iliyomo kwenye kifurushi hiki, na ukiivunja usinitafute.

Wilbert anakusalimu sana, na Miss Ivorine anauliza kama bado unaogopa kuku. Nibusie Kadeen na Omari, mwambie wifi kitambaa alichonitumia nimeshakishona, nakwenda nacho kanisani leo. Mungu awafunike kwa mkono wake, awape afya, na akuongezee siku za kutosha kuja kula kwangu.

Neno langu la mwisho ni hili. Ukiipiga, geuza upande wa pili, usubiri ngoma zibaki peke yake. Fundi yule aliirushia mwangwi sauti ya Mama mwishoni tu, kwa hiyo jina la Everald linapita mara moja. Linalorudi, likarudi, likarudi mpaka besi inaingia tena, ni lako. Mama anakuita, Ransford. Mpigie kaka yako simu.

Ni mimi dada yako nisiyekuchoka,
Icilda