Mukeke wa Mkutanoni

Kanyosha, Jumatano

Na walikula. Hilo ndilo linalonichefua mpaka sasa.

Asubuhi yote nilikuwa natafsiri, Kifaransa kwa Kiswahili, Kiswahili kwa Kifaransa, wajumbe wa nchi zote nne za Ziwa Tanganyika wakisifu kufungwa kwa uvuvi pande zote. Samaki wapumzike, wazaane. Ziwa ni moja, na sheria iwe moja. Sauti ilinikauka kwa maneno hayo mazuri.

Saa ya kula, sahani zikaja na mukeke, samaki wa ziwa hilo hilo, wa kuchoma. Si wa barafu, huyo alivuliwa jana tu. Nikamuuliza mpishi ametoka wapi.

"Ng'ambo ya ziwa," akasema.

Mjumbe mmoja wa ng'ambo akacheka. "Apana, kwetu kumefungwa. Huyu ni wa kwenu."

Meza nzima ikacheka, wakaomba pilipili. Wajinga. Na mimi nikala, kwa sababu niliona haya kukataa mbele ya wakubwa.

Jioni nikamkuta jirani yangu Mama Furaha mlangoni kwake. Aliuza mukeke miaka yote, lakini tangu ziwa lifungwe meza yake ina nyanya tu, na hizo nazo zinaoza.

"Dada, wamesema nini? Sisi tunavumilia, samaki wazae."

Nikamwambia mkutano ulienda vizuri, nikampa mkono. Akaushika, akausogeza karibu na uso. Nilikuwa nimenawa kwa sabuni mara mbili, lakini harufu ile yeye hawezi kuikosea.

"Mukeke alikuwa mtamu?" akauliza, bila hasira hata kidogo.