Yai Ndani ya Kofia ya Mume Wangu

Zambarau ametaga. Ametaga yai, yai zima lenye ganda lake, ndani ya kofia ya mume wangu.

Haya, sasa salamu. Asalaam aleikum shajara yangu, na wewe unayesoma huko uliko. Leo Ijumaa, jua la Kilwa Masoko limewaka tangu asubuhi, mikorosho ya nyuma ya nyumba imechanua na nyuki hawatulii. Nimekaa kizingitini, simu mkononi, naandika huku nacheka peke yangu. Ni furaha tu.

Kwa aliye mgeni hapa, mimi ni Mama Rehema. Nimeishia darasa la saba, lakini mwanangu Rehema yuko kidato cha tano kule Lindi, anasoma sayansi, tena ni wa mbele darasani. Yeye ndiye aliyenifungulia ukurasa huu akaniambia mama wewe unaongea sana, bora uandike. Basi naandika. Akili zile kazitoa wapi, mnadhani? Kwa baba yake? Baba yake namheshimu, naishia hapo.

Sasa Zambarau. Zambarau ni kuku, kishingo, wale ambao shingo haina manyoya. Ni wa ukoo wa kuku wa mama yangu kule Likawage. Siku naolewa, mama alinifungia tetea na jogoo kwenye tenga, akasema hawa ndio ndugu zako huko uendako. Yeye naye alipewa na mama yake. Sisi mabinti wa nyumba ile hakuna aliyeolewa bila tenga lake.

Mwaka jana mdondo, ule ugonjwa unaofagia kuku, ukapita Likawage. Banda la mama lilikuwa limejaa, likabaki halina hata wa kuwika. Dada zangu nao, kuku wao wakakombwa hivyo hivyo. Nikabaki mimi peke yangu, na tetea mmoja mwenye vifaranga. Nikamwambia mama atulie, hivi vikikua ni vyake.

Kicheche akamchukua tetea. Masika yakaleta mbu, mbu wakaleta ndui.

Anayefuga anaijua ndui ya kuku. Vipele vinajaa usoni, vinakauka, macho yanaziba kabisa. Vifaranga vyangu vikaenda kimoja kimoja. Kilipobaki kimoja, kimelala ubavu kama tambara, nilimpigia mama nikamwambia vimeisha. Sikuona kwamba nadanganya. Kwa nilivyokiona, kile nacho kilikuwa safarini. Mama akasema alhamdulillahi, akakata simu.

Baadaye mdogo wangu anayekaa naye akaniambia jambo. Kila alfajiri mama anatoka nje, anafungua mlango wa lile banda, anasimama kidogo, anarudi ndani.

Banda tupu.

Niliposikia hivyo niliondoka nilipokaa, nikakiokota kile kifaranga, nikakiingiza ndani kwenye boksi la sabuni. Nikakitandikia kipande cha khanga yangu ya zamani. Khanga nzuri, msidhani.

Mume wangu alikuwa barazani na jirani zetu, Mzee Bakari na Bi Somoe. Baba Rehema ni fundi wa baiskeli, mtu mpole, ila ulimi wake haujafungwa breki. Alinitazama ninavyopita na boksi, akacheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Huyo akija kutaga hata yai moja," akasema, "mimi mwenyewe naingia jikoni, napika pilau mtaa mzima ule."

Mjue kwamba mume wangu tangu anioe hajui chumvi inakaa wapi. Mzee Bakari akamwambia tumekusikia. Bi Somoe akafunga fundo kwenye pembe ya khanga yake, ili asisahau.

Mimi nikaingia kazini.

Nilimwita bwana mifugo, akaniambia ndui haina dawa, inapita yenyewe. Kinachoua ni njaa, maana asiyeona hawezi kula. Basi nikasema kumbe kazi yenyewe ni kulisha? Nimelisha Rehema, nimelisha mdogo wake, mume wangu nimemkuta mifupa mitupu nikamnenepesha. Kifaranga kitanishinda?

Asubuhi na jioni namfuta macho kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi. Magamba nayalainisha kwa mafuta ya nazi, kisha nampaka ile dawa ya zambarau wanayopakwa watoto mdomoni. Akawa kichwa chote zambarau, na jina likatoka hapo. Vidole vyangu navyo vikawa hivyo hivyo. Nilikwenda navyo harusini, mwanamke mmoja akaniuliza kwa upole kabisa hina hiyo mpya inauzwa wapi.

Uji nikimtilia mdomoni anatema. Nikakumbuka tetea anavyofanya, anadonoa chini ili watoto wasikie. Nikaanza kugonga ukucha kwenye boksi. Ko, ko, ko. Siku ya kwanza hakusogea. Iliyofuata aliinua kichwa. Nikagonga tena, na yule kipofu wangu akadonoa gizani pale pale penye kidole changu, akapata chenga ya mchele. Nililia, shajara. Nililia kwa chenga moja ya mchele.

Chandarua chetu tukampa yeye, ili mbu wasimrudie. Niseme ukweli, nilimpa mimi. Baba Rehema alikuwa anajipiga vibao usiku kucha, asubuhi anamweleza kila anayeleta baiskeli kwamba nyumbani kwake anayelala kwenye neti ni kuku.

Hadi asubuhi moja jicho la kushoto likafunguka. Akanitazama. Ametoka kwenye giza lote lile, cha kwanza kukiona ni mimi, na nilikuwa sijachana nywele.

Akapona. Mzima wa afya, kifua mbele, shingo tupu nyekundu, mwendo wa mtu mwenye nyumba yake. Tatizo likawa moja tu, bandani hataki. Kuku wa majirani anawashangaa. Mchana anazunguka na jogoo wa Mzee Bakari, hilo nalishukuru, lakini jioni anarudi ndani, chini ya kiti. Nikigonga ukucha popote pale anakuja mbio kama mtoto aliyeitiwa maandazi.

Na mama sikumwambia.

Niliogopa. Ningemwambia yuko mmoja, kisha kicheche apite, si ningemzikisha kuku wale wale mara mbili? Nikajiapiza, akitaga nitasema. Miezi ikaenda. Kila nikimpigia simu nauma ulimi, na wanaonijua wanajua hilo lilivyonigharimu.

Leo sasa.

Baba Rehema amekoga, amevaa kanzu, anatafuta kofia yake ya viua, ile ya kutariziwa kwa mkono, aende msikitini. Kofia ile aliishonesha kwa ajili ya Idi, hairuhusiwi hata kupulizwa. Akaikuta kwenye kiti, imegeuzwa, akaingiza mkono. Akautoa haraka. Akaniita jina langu la utotoni, ambalo hulitumia akiogopa.

"Kuna kitu cha moto humu."

Nilifika nikalichukua yai. Jeupe, dogo, limechorwa kauzi ka damu kwa nje kama mayai ya kwanza yalivyo. Zambarau yuko chini ya meza anatangaza kwa sauti nyumba nzima. Mume wangu akatafuta kofia nyingine, akaondoka kwa mlango wa nyuma, akidhani majirani hawatajua.

Aliporudi swala aliwakuta Mzee Bakari na Bi Somoe wameshakaa barazani. Bi Somoe alikuwa na khanga nyingine kabisa, lakini fundo amefunga upya. Yai liko kwenye kibakuli juu ya mkeka. Mume wangu akaanza kesi yake. Akasema lile si yai, ni kete ya bao. Akasema yeye alitaja yai la kuliwa na mtu akashiba. Mzee Bakari akalishika, akalipima mkononi, akasema ganda lipo, ute unatikisika, baba yake namjua, ni jogoo wangu. Bi Somoe akauliza tu kama masufuria makubwa ayalete leo au kesho.

Bado anabisha, mimi nikanyanyuka nikapiga simu Likawage.

Nilikuwa nimejiandalia maneno mazuri. Yote yakapotea. Nikasema mama, shikamoo, kuku ametaga. Akasema marahaba, kuku gani? Nikamweleza yote kwa pumzi moja, boksi, dawa, chandarua, kofia, na ile ahadi ya pilau. Nikamaliza.

"Wa kwetu?" akauliza.

"Wa kwetu, mama. Shingo tupu kabisa."

Nikasikia anavuta pua. Kisha sauti yake ikarudi, ile ya zamani, ya mwanamke mwenye banda lake, akaniambia mpe mkwe wangu simu.

Mume wangu akaipokea kwa mikono miwili. Akachuchumaa, mama hamwoni lakini akachuchumaa. Akatoa shikamoo. Sisi tukasogea kusikiliza.

"Baba, nimesikia unatupikia," mama akasema. "Basi kesho lile banda silifungui. Naja huko na tenga langu, na sirudi mpaka vifaranga vianguliwe."

Miaka yote hii mama hajalala kwangu hata mara moja. Tukimwita anasema kuku nani atawafungulia.

Baba Rehema akatutazama mmoja mmoja. Kwa Mzee Bakari angeweza kubisha mpaka isha. Kwa Bi Somoe angetoroka. Lakini mkwe? "Ndiyo mama," akasema. "Karibu sana mama." Akarudisha simu, akaniuliza kwa sauti ya chini pilau linaanza na vitunguu au na mchele.

Yai nimeshaliandika tarehe kwa kalamu, nimelilaza kwenye chenga za mchele mahali penye ubaridi. Mengine yatafuata, nitayakusanya mpaka Zambarau mwenyewe aombe kuatamia. Boksi la sabuni bado ninalo, nimelitandika upya. Kofia nimeifua, imeanikwa, ila Baba Rehema keshasema hivi ndivyo ilivyo, atanunua nyingine, ile ni ya Zambarau. Mnamwona mume wangu? Ulimi mrefu, moyo laini. Nilichagua vizuri.

Rehema anaomba ruhusa shuleni aje, anasema hawezi kukosa kumwona baba yake na mwiko. Bi Somoe ameshaleta masufuria. Nyama ni ya ng'ombe, kuku haguswi. Mama anapanda gari kesho alfajiri na tenga lake tupu mapajani, na mimi nitampokea stendi mwenyewe. Wewe unayesoma, kama uko karibu, njoo na sahani yako na dua ya mpishi. Ni Jumapili, baada ya adhuhuri.