Wiki Mbili za Mkate wa Sufuria

Jumatatu, 8 Septemba

Unga haujaumuka. Tena. Niliukanda alfajiri, nikaufunika, nikauacha kando ya meko yenye joto. Nimerudi kutoka shuleni saa kumi na nusu, umelala palepale kama jiwe. Labda hamira ilikuwa ya zamani. Labda maji yalikuwa moto mno. Kemunto angejua. Lakini mke wangu yuko Kisii, wiki ya tatu sasa, anamuuguza mama yake aliyeteleza kwenye matope akavunjika nyonga. Amezaliwa binti peke yake. Nani mwingine angeenda?

Kabla hajaondoka tulikubaliana: mkate wa duka basi. Ngano tunayo, ng'ombe anakamuliwa, ndizi zinaivia shambani hadi zinaanguka zenyewe. Nikasema nitaoka mimi. Nilisema kwa urahisi kabisa. Mtu ambaye hajawahi kukanda unga hujiamini sana.

Nimeuoka hivyo hivyo. Bosibori ameugonga mezani, ukalia. Ana miaka kumi na miwili na ulimi wa mama yake. Mdogo wake Nyaboke amekula kipande chake chote bila neno, akinitazama usoni. Afadhali angelia.

Jumanne, 9 Septemba

Nimeachana na hamira. Ndizi nane nyeusi kabisa, maziwa yaliyoganda ambayo yangemwagwa, ngano, unga wa wimbi kiasi, magadi kidogo. Sufuria kubwa yenye mchanga, ndogo ndani yake, makaa juu ya kifuniko. Nikasubiri nikiwa nimechuchumaa kama paka kwenye tundu la panya.

Umepanda! Umepasuka katikati, umeungua upande mmoja, lakini ni mkate. Watoto wamegombania ukoko. Nimefurahi kupita kiasi. Mtu mzima, mwalimu wa Kiswahili miaka kumi na sita, anachekelea mkate.

Jumatano, 10 Septemba

Kosa. Nilibeba vipande vinne hadi chumba cha walimu. Wamekula wote. Wamesifu. Kisha Mwalimu Mokeira akauliza Kemunto amerudi lini. Nikasema hajarudi, nimeoka mwenyewe. Kikafuata kicheko, cha wanaume hasa. Kufikia saa nane nilikuwa tayari naitwa Mwalimu Sufuria. Hakuna aliyerudisha kipande.

Alhamisi, 11 Septemba

Mama amekuja. Hakupiga simu. Ametoka kwake Nyamira na kuku kwapani na mfuko wa mboga za chinsaga, amenikuta jikoni nimejifunga leso ya Kemunto, mikono imejaa unga hadi viwiko. Hakuingia. Alisimama mlangoni muda mrefu.

"Mwanangu," akasema, "mkeo amekufa?"

"La, Mama. Yuko kwa mama yake. Nilikuambia."

"Uliniambia ameenda kusalimia."

Sikuwahi kusema kusalimia. Nikamweleza upya. Nyonga, kitanda, mgonjwa hawezi hata kujigeuza. Akasikiliza. Kisha akasema mwanamume aliyetahiriwa hakai jikoni, na kwamba baba yangu alikufa bila kujua chumvi inawekwa wapi. Alilisema kama sifa.

Naandika haya kwa Kiswahili. Mama husoma Biblia ya Ekegusii tu.

Ijumaa, 12 Septemba

Leo nimekasirika kweli. Ijumaa lazima kila kitu kiwe kimepikwa kabla jua halijazama, maana Sabato hatupiki. Nilikimbia kutoka shuleni, nikachanganya unga, nikapanga makaa, nikaenda kukamua. Niliporudi, Mama alikuwa ameshusha sufuria yangu ikiwa na mchanganyiko mbichi, akateleka maharagwe. Mkate wangu ulikuwa chini, nje, kuku yule yule aliyekuja naye akiudonoa.

Nikauliza kwa nini. Akasema maharagwe ni chakula.

Niliokoa nusu, nikauoka. Mezani Mama hakuugusa. Alitoa mahindi ya kuchoma kwenye mkoba wake akatafuna moja moja, polepole, macho ukutani. Nyaboke akamuuliza bibi yake, "Magokoro, huna meno ya mkate?" Bosibori akakimbilia nje kucheka. Mimi sikucheka.

Jumamosi, 13 Septemba

Sitasahau Sabato hii. Wakati wa maombi maalumu Mama akasimama. Mbele ya kanisa zima. Akaomba waumini waikumbuke ndoa ya mwanawe, kwa sababu mke ametoka na mume anapika kama mjane. Kama mjane! Vichwa vyote viligeuka. Nilitazama viatu vyangu hadi amina.

Baadaye mzee wa kanisa amenishika mkono, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mlango wake uko wazi. Wanawake wawili wamenipa pole. Mmoja ameniletea uji nyumbani. Uji! Nina ndizi, mayai, maziwa, mkate. Watoto wangu wameshiba. Nani amekufa?

Nimemwambia Mama amenivunjia heshima. Akasema heshima ilivunjika Alhamisi, yeye alichofanya ni kuokota vipande.

Jumapili, 14 Septemba

Kaka yangu Onsongo amekuja kutoka Keroka, amefunga duka lake la vyuma mchana kutwa. Mama alimwita. Wakaketi sebuleni kama baraza, nami nikasimama kama mwizi wa kuku. Uamuzi ulikuwa tayari: Kemunto arudi kufikia Jumatano. Mama yake atafutiwe msichana wa kumhudumia.

Nikauliza ni msichana gani atamwosha mama wa mtu asiyeweza kujigeuza. Onsongo akasema wapo. Nikauliza kama yeye atamlipa. Akatazama simu yake.

Mama akasema mke aliyeolewa ana nyumba moja tu.

Hapo nikasema. Sikupanga kusema. "Na wewe ukivunjika, Mama, Kemunto akuuguze? Au nimwambie ana nyumba moja tu, na wewe una yako?"

Onsongo akanikaripia nifunge mdomo. Mama aliinuka, akashika kiti, akaenda chumbani kwa wasichana, akafunga mlango. Ilikuwa saa tisa mchana. Hakutoka kula.

Nimesema kweli na najiona mshenzi. Vyote viwili.

Jumatatu, 15 Septemba

Hatusemezani. Anaongea na watoto, anaongea na kuku. Mimi napitwa kama nguzo.

Kemunto amepiga simu wakati wa mapumziko. Onsongo tayari amempigia! Amemwambia ukoo umeamua. Ukoo ni yeye na Mama. Kemunto alikuwa analia, na Kemunto halii. Alisema amekwisha kukunja nguo zake, atamwomba jirani awe anachungulia mgonjwa asubuhi na jioni.

"Usije," nikamwambia.

"Wataniita mwanamke wa aina gani?"

"Usije, Kemunto. Nakuomba."

Kengele ikalia. Sijui kama alinisikia. Nimefundisha ngeli za nomino darasa zima nikiwa na hasira, nikamfukuza msichana aliyepiga chafya. Nimemrudisha. Nimemwomba radhi.

Sikuoka. Tumekula viazi.

Jumanne, 16 Septemba

Mama hayupo.

Niliondoka asubuhi akiwa anafagia uani. Niliporudi Bosibori alikuwa mlangoni na uso wa habari mbaya. Magokoro amebeba mkoba wake, amevaa viatu vya kanisani, amesema anaenda Kisii kwa akina Kemunto. Bosibori alipomuuliza anaenda kufanya nini, alijibiwa kwamba watoto hawaulizi.

Najua anaenda kufanya nini. Anaenda kumtoa mke wangu kwa mkono. Atasimama mlangoni kwa mgonjwa kama alivyosimama mlangoni kwangu, aseme yale ya nyumba moja. Mbele ya mama mkwe wangu aliyelala chali.

Simu ya Mama imezimwa. Ya Kemunto inaita bila kupokelewa. Nimempigia Onsongo, akasema, "Si afadhali, jambo liishe?" Nimemkatia. Ni mara ya kwanza maishani kumkatia kaka yangu simu.

Nimekanda unga kwa sababu mikono ilitaka kupiga kitu.

Jumatano, 17 Septemba

Kemunto amepiga saa moja asubuhi. Nilipokea nimesimama.

Akaniambia Mama alifika jana jioni, akasalimia, akavua viatu. Hakutaka chai. Aliuliza maji ya moto yako wapi. Kisha akamtoa Kemunto chumbani, akamwosha mgonjwa yeye mwenyewe, akambadilisha shuka, akamgeuza kwa ubavu mzuri na kumwekea mto kati ya magoti. Kemunto alikuwa akitazama kupitia mlango. Anasema mikono ile ilijua kazi.

Mama na mama mkwe wangu hawajawahi kukaa chumba kimoja tangu siku ya mahari. Hata siku ile walibishana juu ya mbuzi.

Kemunto alimwuliza, "Mama, umekuja kunichukua?"

Mama akamjibu akikamua kitambaa: "Nilimuuguza mama mkwe wangu miaka miwili. Mama yangu alikuwa anakufa ng'ambo ya mto. Niliomba ruhusa, nikaambiwa mke ana nyumba moja. Nilimkuta ameshazikwa."

Ndivyo alivyosema. Kemunto amerudia neno kwa neno.

Nina miaka arobaini na tatu. Sikuwahi kuambiwa. Nilijua bibi yangu wa ng'ambo ya mto alikufa nikiwa mdogo. Nilijua hivyo tu. Na aliyemnyima ruhusa ni baba yangu, yule asiyejua chumvi inawekwa wapi.

Nimechelewa shuleni. Nimefika, nimefundisha. Mokeira ameniita Mwalimu Sufuria na sikusikia hadi aliporudia.

Ijumaa, 19 Septemba

Mama amemwamuru Kemunto aje alale nyumbani siku tatu, arudi Jumatatu. Amesema mgonjwa hahitaji mtu anayesinzia juu yake. Nimemwomba Kemunto ampe simu. Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nimeyapanga, ya kuomba msamaha, kwa Ekegusii safi.

"Mama," nikasema.

"Watoto wamekula?"

"Wamekula."

"Basi niache, nina kazi."

Akakata. Mama yangu ni yule yule. Nusura niitupe simu.

Jumapili, 21 Septemba

Kemunto alifika juzi kabla ya jua kuzama. Amekonda. Alikula akiwa amesimama, akaoga, akalala. Jana hakuenda kanisani. Walipouliza nilisema amechoka, na nilimtazama kila aliyeuliza machoni.

Leo mvua tangu asubuhi. Nimekamua, nimewachana wasichana nywele vibaya. Wanatembea kwa vidole vya miguu. Bosibori amemfunga Nyaboke kitambaa mdomoni kwa mchezo ili asipige kelele, na Nyaboke amekubali.

Saa tano Kemunto ametoka chumbani, ameketi kwenye kigoda kando ya meko, ameegemeza kichwa begani kwangu. Ameuliza leo ni siku gani. Nimemwambia Jumapili.

"Bado," akasema, akafumba macho tena.

Sijasogea. Mguu umekufa ganzi.