Kidole Gumba cha Mfinyanzi

Dada Zaina, shikamoo kutoka Lushoto, ambako ukungu huingia hotelini bila hodi na kuketi mezani kama mteja. Mdogo wako ni mtu maarufu huku. Soni hadi Mlola wananiita Bwana Ndoo!

Leo nimekunywa chai na mzee wa Kizungu, ambaye sasa haoni tena, na ambaye ujana wake wote aliumalizia Misri akichimbua miji ya kale. Nikamuuliza, "Mzee, dhahabu ya wafalme uliiona?"

Akacheka. "Niliiona, Bwana Ndoo. Lakini nilichokipenda ni hiki." Akanipa kigae cha chungu. "Papasa ukingoni."

Pana alama ya kidole gumba cha mfinyanzi. Nikaweka changu, kikatulia humo, nikahisi umenishika mkono kama utotoni, tunashuka mtoni kuchimba udongo.

"Wafalme wamebaki majina tu," akasema. "Huyu mama mfinyanzi bado yupo."

Dada, najua ndoo za plastiki ninazouza ndizo zilizoua soko la vyungu vyako hadi ukaacha kufinyanga. Nisamehe. Nifinyangie kimoja, uache kidole gumba ukingoni. Hicho sitakiuza.

Mungu aitunze mikono yako.

Mdogo wako, Athumani