Ndimu Kwenye Bakuli la Bi Chausiku

Dunda, Bagamoyo
14 Juni 2024

Mpendwa mdogo wangu Msabaha,

Assalaam alaykum. Shikamoo yako niliipata kwenye simu, marahaba. Hujambo huko Arusha? Baridi je, na kile kifua chako? Mimi mzima. Nala, nalala, naenda kazini. Watu wananisifu kwa subira, lakini si subira, nimeshikwa ganzi tu.

Hitma ya arobaini ya Mama ilisomwa Jumapili. Pilau ilitosha. Sikulia, na shangazi Tabia aliniangalia sana.

Uliniuliza mambo mawili kwa ujumbe mmoja: zile parameta za kutoa zinazokusumbua kwenye C#, hiyo lugha ya programu ya mtihani wako, na kama Mama alikuulizia kabla hajafariki. La pili nilikujibu neno moja, "Ndiyo." La kwanza sikulijibu kabisa. Naanza na hilo maana ndilo jepesi.

Unakumbuka Mama alivyokuwa akikutuma kwa jirani, Bi Chausiku, na bakuli tupu ukaombe unga wa mchele? Ulikuwa ukirudi na vitu viwili: mdomoni jibu, anao au hana, na mkononi bakuli. Ndivyo ilivyo. Methodi, kile kipande cha programu unachokituma kazi, inarudisha jibu lake moja. Ukitaka ikuletee na kitu kingine, unaipa bakuli lako, yaani kigeu kitupu chenye neno out mbele yake. Ikishatia kitu humo unakikuta kwako, kwa kuwa bakuli ni lako. Na ni lazima itie kabla ya kurudi. Isipotia, programu nzima inakataliwa.

Bi Chausiku naye hakukubali bakuli lirudi tupu. Akikosa unga alitia ndimu. Siku ile ulimkabidhi Mama bakuli ukakimbilia mpira bila kusema hana, akafunua, akakuta ndimu. Alicheka mpaka akakaa chini. Basi methodi ya kubadili maandishi kuwa namba ikishindwa inasema hapana, na kwenye bakuli inaweka sifuri. Sifuri hiyo ni ndimu. Sikiliza jibu la mdomoni kwanza.

Mimi mwenyewe nilisahau. Wiki ya pili baada ya mazishi niliandika programu ya wakulima wa mananasi wa Kiwangwa, na mzee Muhidini akajaza "mia mbili" kwa maneno. Methodi ilisema hapana, lakini jibu lake sikuliangalia. Akaja ofisini kuuliza mananasi yake yamekuwaje sifuri. Nilimwomba radhi, nikarekebisha, na sikuona hata aibu. Hapo nikajua siko sawa.

Sasa lile la pili. Ile "Ndiyo" yangu ilikuwa kweli, ila kwenye bakuli nilikutilia ndimu.

Siku tatu za mwisho Mama alikuwa akiniita mimi Msabaha. Siku ya kwanza nilimsahihisha, akasikitika. Siku ya pili nikaitika, "Labeka, Mama." Akauliza, "Umekula?" Nikasema nimekula. Akanishika mkono, akasema, "Basi usirudi tena huko kwenye baridi." Nikamwambia sirudi. Akalala usingizi mzuri. Kwa hiyo acha kujilaumu kwamba hukumuaga. Kwake yeye ulikuwapo, ulikaa kitandani pake na ulimnywesha uji.

Jina langu hakulitaja tena. Nilikuficha haya kwa sababu nilikuonea wivu, na wivu wa namna hiyo unatia haya kuusema.

Khanga yake moja nimeifunga pamoja na barua hii. Kesho naipeleka Msata ipande basi la Arusha.

Shangazi Tabia anakusalimu, na Bi Chausiku pia, bado anauliza habari za kifua chako. Mwenyezi Mungu akufaulishe mtihani wako na amlaze mama yetu pema. Ukiipata barua hii nipigie, na kabla ya salamu yoyote, niite kwa jina langu.

Dada yako akupendaye,
Wahida