Ladha Si Kazi Yangu

Ijumaa, 30 Mei 2025

Leo nimeshinda! Kaliza, bosi wetu, kasema: kesho kila mtu atafanya umuganda, ile kazi ya pamoja mtaani kwake, kufyeka na kuzibua mitaro, basi leo tufanye umuganda wa kompyuta. Mashine zimejaa, kila mtu afute barua pepe za zamani. Wenzangu wakaanza kubembelezana na kila barua — hii naihitaji, hii kumbukumbu. Mimi? Nilichagua zote, nikafuta. Zote! Sanduku likawa tupu kama uwanja uliofagiliwa. Kaliza kanipigia makofi mbele ya ofisi nzima. Aliyekulia Buyenzi hafundishwi kufagia!

Hiki Kiswahili nacho ni cha huko huko Buyenzi, Bujumbura. Naandika hivi kwa sababu binti yangu Natacha hakisomi vizuri. Namjua, anachungulia.

Jumamosi, 31 Mei

Umuganda wa kweli, hapa mtaani kwangu Rwezamenyo, Kigali. Mtaro. Matope. Jirani Athanasie kaja na glavu za jikoni, kasimamia wengine. Mgongo wangu!

Jumatatu, 2 Juni

Jambo la ajabu. Bwana Mutabazi kaja ofisini kwetu Kimihurura. Ndiye mwonja kahawa wa kampuni; kazi yake iko Kicukiro, kwenye chumba cha kuonjea. Anavuta kahawa kwenye kijiko kwa kelele, anatema, anaandika ripoti. Mpole, mrefu. Alifiwa na mkewe kama mimi nilivyofiwa na mume wangu.

Kasalimia wote. Mbele yangu kasimama, kasema taratibu, kwa kile Kiswahili chake cha Mbarara, Uganda, kinachochechemea: "Madame Cécile, hakuna shida. Kunyamaza pia iko jibu. Mimi nimeelewa."

Halafu kaondoka! Jibu la nini? Nilimnyamazia lini? Mimi, ambaye hata padre huniomba nipunguze maneno!

Ingrid wa meza ya jirani kaniambia: anahamia mbali, Rusizi, kwenye kiwanda cha kuoshea kahawa. Anaondoka wikiendi hii. Basi niseme, hapa hakuna anayesoma: siku anazokuja mkutanoni huwa navaa kitenge cha kijani, na si kwa ajili ya Kaliza.

Jumanne, 3 Juni

Lazima aliniandikia kitu. Kwenye programu ya barua, pale pa kutafutia, nikaandika Mutabazi. Hakuna. Nikaandika tena kwa herufi kubwa, utadhani mashine ni kiziwi. Hakuna! Nilifuta mwenyewe, kwa makofi.

Na sikumbuki hata moja. Mimi ni mhasibu. Ripoti zake ni za Kiingereza, mimi nilisoma kwa Kifaransa. Uzito wa mzigo uko mstari wa kwanza: nachukua kilo, nafunga. Ladha si kazi yangu. Kahawa yenyewe sinywi — nanywa chai!

Jioni nikamwendea Natacha kwa ujanja. Kuna mwenzangu, nikasema, kafuta ripoti kwa bahati mbaya. Kacheka. Huyo mwenzako, Maman, anatafuta kwenye sanduku la zinazoingia tu. Barua iliyofutwa haijafa, iko kwenye pipa. Abonyeze kale kamshale pembeni, achague folda zote, pamoja na zilizofutwa. Halafu akanikazia macho: mwenzako anaitwa nani?

Nikasema naenda kuangalia maharage. Tulikuwa hatujabandika maharage.

Jumatano, 4 Juni

EE MUNGU WANGU.

Kamshale. Folda zote. Mutabazi. Skrini ikajaa! Zote zimo, kila moja ina neno "Zilizofutwa" pembeni. Nikafungua. Juu kilo. Katikati Kiingereza, limau na asali na karanga. Na chini kabisa, ambako sijawahi kufika — Kiswahili! Nikaangalia zimetumwa kwa nani. Za mwanzo kwa ofisi nzima. Za tangu Februari kwangu peke yangu!

Ya Februari: "Hii ya Gakenke iko na tamu. Lakini kicheko yako ya kwenye mkutano iko na tamu zaidi."

Ya Machi: "Hii ya Nyamasheke iko kali kwanza, halafu inakuwa laini. Nilifikiria nani? Wewe unajua."

Mimi kali! Nimecheka mpaka Ingrid kauliza kama naumwa. Nikasema mafua. Mafua gani yanachekesha?

Kisha ya Mei. Hiyo sikucheka. "Madame Cécile, mimi niko Anglikana, wewe Katoliki, lakini makanisa yote iko na mlango. Naomba nikuje kwako Pentekoste, nisalimie binti yako. Kama hutaki, nyamaza tu mpaka mwezi iishe. Sitakusumbua tena."

Na mwezi ukaisha. Nikiwa mtaroni nazibua!

Bado kuna hili: Kaliza katangaza kwamba Ijumaa jioni fundi atamwaga mapipa yote ya barua, kisirudi kitu. Nimezitoa zangu mbio mbio, nimezitia kwenye folda mpya. Nimeiita "Kodi". Hakuna atakayeifungua kwa hiari yake.

Alhamisi, 5 Juni

Nimpigie simu? Siwezi, sauti itanisaliti. Yeye aliandika, nami nitaandika.

Asubuhi nimepika kahawa. Mimi! Nimeivuta kwenye kijiko kwa kelele kama wao, ikaniingia puani, nyingine ikaishia kwenye kitenge cha kijani. Natacha kasimama mlangoni, mikono kiunoni. Kaniletea kitambaa tu, huku kabana midomo asicheke.

Ofisini nikafungua ile ya Mei, nikajibu: "Bwana Mutabazi, mimi husoma uzito tu, basi. Jana ndiyo mara ya kwanza nimesoma ladha. Sikunyamaza, nilikuwa nafagia! Kahawa yangu ya kwanza: chungu, ya moto, imenimwagikia. Nataka nyingine. Jumapili hii, Pentekoste, njoo."

Nikatuma kabla akili haijarudi. Nikaenda kujifungia chooni, nikacheka peke yangu kama msichana.

Mpaka jioni, kimya. Ndiyo kwanza najua alichovumilia yeye mwezi mzima.

Ijumaa, 6 Juni

Kimya. Nimevaa kitenge cha kijani hivyo hivyo, doa halikutoka. Ingrid kasema kapita Kicukiro asubuhi, kamwona akipakia godoro na meza kwenye pikapu. Si alikuwa aondoke kesho? nikauliza. Kawahisha, kasema Ingrid, akaendelea kula ndizi yake. Anawezaje kula!

Mchana wenzangu wote wameenda spoti, mazoezi ya wafanyakazi ya kila Ijumaa. Nimesingizia goti. Niko peke yangu na kompyuta na daftari hili. Nabonyeza kupokea barua, nabonyeza tena. Tangazo la mafuta ya nywele. Nabonyeza —

Imeingia! Mutabazi! Kichwa: Sampuli ya kahawa. Yaani kanitumia ripoti ya kazi? Leo? Naogopa kushuka chini. Naanza juu, kama nilivyozoea, mstari wa kwanza, na naunakili hapa nisije nikaufuta tena:

"Uzito: kilo 72, bila viatu."

Kahawa gani huvua viatu?

Loo. Loo! Ni yeye mwenyewe! Jibu kaliweka kwenye uzito. Kwa sababu nilimwambia nasoma uzito tu!

Ladha sijaifikia, simu ya mlinzi inalia. Kuna bwana hapa getini, anasema, ana pikapu imejaa mizigo, imezuia njia, na anakataa kuisogeza. Anauliza Madame ashuke au yeye apande?

Goti langu limepona, nashuka! Doa liko kifuani pale pale, lipstiki siioni, ngazi za ofisi hii nazo hazi —