Karatasi ya Tumesameheana

4 Februari

Kwako Chiriku wangu,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, ila shingo yangu imekaza kama mlango mpya. Habari za kazi, na huo mgongo wako?

Usishtuke: pikapu imegongwa. Nilikuwa natoka kumwacha mama yako hospitali, kwenye mashine ya kusafisha damu. Nimesimama kwenye taa nyekundu, nasikia puu nyuma yangu. Chasisi imepinda, haitembei. Aliyenigonga ni mfamasia na gari la kazini kwake, akishuka funguo zikamponyoka. Askari akapima, akasema aliyegonga nyuma ndiye mwenye kosa, bima yao itatengeneza.

Mfamasia akanisihi nimwandikie neno, mwajiri wake asije akadhani amegombana barabarani. Nikamwandikia palepale juu ya boneti: "Tumesameheana. Hatuna ugomvi." Tukatia sahihi wote wawili. Mama yako nilipomsimulia kacheka, ati mimi hata nikigongwa na treni nitaipa pole.

Kwa sasa Jumatatu na Alhamisi tunampeleka kwa gari la kukodi.

Baba yako

15 Februari

Shikamoo Baba,

Pole na shingo. Mimi mzima, mgongo unasumbua ila naumudu. Mama anakula?

Karatasi hiyo anayo nani? Bima wanataka ripoti ya polisi na picha za gari, basi. Tafadhali, usitie sahihi kitu kingine chochote, hata uambiwe ni cheti cha peponi.

Chiriku wako

9 Machi

Marahaba mwanangu,

Hatujambo kiasi. Mkaguzi wa bima amekuja, mtu mpole, kavua viatu mlangoni. Akaikagua pikapu, akaandika. Kisha akatoa kwenye faili karatasi yangu ileile.

Nikamweleza ndivyo tunavyosema watu tusiogombana. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mzee, ungeandika umemsamehe, ningekuelewa. Lakini mmesameheana. Wewe ulisamehewa kosa gani?"

Seremala wa miaka arobaini, nimeangushwa na herufi tatu: a-n-a. Ameandika kwamba nilifunga breki ghafla na nimekiri. Gari limesimama, Chiriku, litafunga breki gani tena?

Magari ya kukodi hayataki kuingia kwetu mvua ikinyesha, barabara yote tope. Mama yako ameikosa mashine mara mbili, miguu imevimba. Alinikataza nisikwambie. Nimekwambia.

Baba yako

20 Machi

Shikamoo Baba,

Safari hii usiniandikie hatujambo kama mna jambo.

Nimewaandikia bima mara tatu. Wanajibu kwamba suala linashughulikiwa. Mfamasia nimempigia, akalia kwenye simu. Anasema aliwaeleza ukweli wote, lakini mwajiri wake ndiye aliyepeleka karatasi. Nimechoka, Baba. Kila mtu ni mpole na hakuna anayefanya kitu.

Likizo wamenipa kuanzia tarehe mbili. Mwambie Mama anisubiri.

Chiriku wako

29 Machi

Chiriku,

Najua jirani amekupigia. Mimi kwenye simu nilishindwa hata kusema halo, ndiyo maana naandika.

Alhamisi gari halikuja tena. Nilikwenda mpaka barabara kuu kwa miguu, nikasimamisha kila lililopita, nikarudi peke yangu nimelowa. Ujumbe wako nilimpa. Akasema atajitahidi.

Mchana akanishika mkono. "Mume wangu," akasema, "tusameheane."

Mwanangu, nilikuwa nimeapa neno hilo halitatoka tena kinywani mwangu. Akangoja. Akaniangalia, akaelewa, akacheka kidogo kwa sauti ile iliyokuwa imebaki.

"Sema tu," akaniambia. "Hapa hakuna mkaguzi."

Nikasema, "Tumesameheana, mke wangu." Akafumba macho, na hakuyafumbua tena.

Pikapu bado iko uani. Kuku wameanza kutaga ndani yake.

Ukija, usiwaandikie tena bima mambo ya gari. Ila ukimpata yule mkaguzi, niulizie jambo moja tu. Makosa yangu kwa mama yako nayajua, ni mengi. Yeye alikuwa na kosa gani?

Baba yako